Chumba cha Mpangaji, Chumba cha Mgeni: Namna Mabadiliko ya Matumizi ya Ardhi Yanavyogusa Kodi ya Nyumba

Kibaigwa haina bahari, na msomaji wa mji huu anaweza kushangaa kukuta kijitabu hiki kikimsimulia habari za visiwa. Tunamwomba avumilie kidogo. Mahindi yanapoanza kumiminika katika soko la kimataifa la Kibaigwa baada ya mavuno, huja pia wanunuzi kutoka mikoa mingine na nchi jirani, madalali, wapakiaji na madereva wa malori ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro. Kila mmoja wao anahitaji kitanda. Chumba ambacho mwezi Februari kilikuwa makazi ya mwalimu au muuguzi huanza kutazamwa na mwenye nyumba kwa jicho jingine, na si ajabu mpangaji akaambiwa kwamba ifikapo mwisho wa mwezi atafute pengine kwa kuwa nyumba inafanywa gesti.

Jambo hilo ndilo linalovikabili visiwa vinavyoishi kwa utalii, isipokuwa huko limekuwa kubwa kiasi cha kutungiwa sheria. Mtu akielewa yaliyotokea visiwani, ataelewa kwa nini kodi ya chumba chake inapanda au haipandi, na ni swali gani aulize kabla ya kutoa fedha.

Hesabu ya mwenye nyumba

Tuanze na hesabu, na tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Tuseme chumba kimoja kinapangishwa kwa Sh 40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima mwenye nyumba anapata Sh 480,000, na kazi yake kubwa ni kukumbusha kodi. Akikigeuza kuwa chumba cha wageni kwa Sh 12,000 kwa usiku, na katika msimu wa mavuno kikapata wageni kwa siku kumi na tano za mwezi, atakusanya Sh 180,000. Nusu itamezwa na mashuka, sabuni, maji, umeme na mhudumu. Zinabaki Sh 90,000. Hizo ni zaidi ya mara mbili ya kodi ya mwezi, na hapo ndipo wengi huacha kuhesabu.

Mwenye kuendelea na hesabu ataona jambo jingine. Msimu mkubwa ukidumu miezi minne, chumba kimempa Sh 360,000. Katika miezi minane iliyobaki, mvua zikiwa shambani na soko likiwa kimya, kikipata wageni kwa siku nne tu za mwezi kitamwachia Sh 24,000 baada ya gharama, yaani Sh 192,000 kwa miezi yote minane. Jumla ya mwaka ni Sh 552,000. Faida aliyoifukuza, akilinganisha na mpangaji wa kudumu, ni Sh 72,000 kwa mwaka, sawa na Sh 6,000 kwa mwezi, na bado hajanunua kitanda, hajalipia leseni ya biashara wala ushuru wa nyumba za kulala wageni. Tunadiriki kusema kwamba baadhi ya wapangaji wanaoondolewa katika miji midogo huondolewa kwa sababu ya hesabu iliyoishia katikati.

Kisiwani hesabu ni nyingine. Wageni huja karibu mwaka mzima, hulipa bei inayopangwa kwa kipato cha nchi zao, na ardhi haiongezeki. Tofauti kati ya kodi ya mwezi na malipo ya usiku huwa pana mno hata mwenye nyumba mwenye huruma apate taabu kuikataa. Ikiwa hakuna kanuni inayomzuia, chumba baada ya chumba huondoka katika soko la wakazi na kuingia katika soko la wageni. Nyumba iko palepale na ukuta ni uleule, lakini kwa mtu anayetafuta pa kuishi nyumba hiyo haipo tena.

Zanzibar

Mwaka 2012 sensa ilihesabu Zanzibar watu 1,303,569. Sensa ya 2022 ikahesabu watu 1,889,773. Katika muongo huohuo utalii nao ulikua: watalii 538,264 waliingia mwaka 2019, na baada ya mtikisiko wa UVIKO-19 idadi ikapanda hadi 638,498 mwaka 2023 na 736,755 mwaka 2024. Wakazi wanaongezeka, wageni wanaongezeka, na wote wanatafuta dari juu ya ardhi ileile.

Mji Mkongwe ni mahali ambapo athari hiyo imeonekana kwa muda mrefu zaidi. Tangu uchumi ulipofunguliwa katika miaka ya 1980, majumba makubwa ya kale yaliyokuwa yakikaliwa na familia kadhaa yaligeuzwa moja baada ya jingine kuwa hoteli na nyumba za wageni, na wakazi wengi wakahamia Ng'ambo na vitongoji vya mbali zaidi. Serikali haikukaa kimya. Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, mpango wa hifadhi ukafuata mwaka 1994, mji ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na sheria mpya ya mamlaka hiyo ikatungwa mwaka 2010. Tukiyatazama mambo haya kwa macho ya mpangaji, tunaona kwamba jitihada hizo zilianza na jengo: dari, milango, baraza, rangi ya ukuta. Jengo likikarabatiwa kwa fedha za hoteli limehifadhiwa kweli. Aliyekuwa akiishi ndani yake ni suala jingine, na kanuni za kulinda jengo haziwezi peke yake kumrudisha.

Katika vijiji vya pwani kama Nungwi, Paje na Jambiani, mvutano una sura nyingine. Hoteli zinahitaji wahudumu, wapishi, walinzi na mafundi, na wengi wao ni vijana kutoka Bara, wakiwamo wa mikoa hii yetu ya kati. Vijana hao wanahitaji vyumba vya kupanga karibu na kazi, mahali ambapo chumba kinatakiwa pia na mgeni anayelipa kwa usiku. Mzazi wa Kibaigwa ambaye kijana wake ameajiriwa huko asipime mshahara peke yake. Aulize pia kijana analala wapi, kwa kodi gani, na nauli ya kufika kazini ni kiasi gani.

Kwa utaratibu wa Zanzibar, mwenye kutoa malazi kwa watalii anatakiwa kusajiliwa na Kamisheni ya Utalii. Lakini majukwaa ya mtandaoni kama Airbnb yamerahisisha sana kuigeuza nyumba ya kawaida kuwa malazi ya wageni: picha chache na simu ya mkononi zinatosha kutangaza. Kwa hiyo swali linaloviumiza vichwa visiwa vingi duniani ni hili: je, nyumba iliyo katika eneo lililopangwa kwa makazi, ikimpokea mgeni wa siku tatu, bado ni makazi?

Kisiwa kilichojibu "hapana"

Mfano ulio wazi zaidi ni kisiwa cha Maui katika jimbo la Hawaii, Marekani. Huko kulikuwa na maelfu ya fleti zilizojengwa katika maeneo yaliyopangwa kwa makazi ya fleti, lakini zikiruhusiwa kupokea wageni wa muda mfupi kutokana na maoni ya kisheria yaliyotolewa mwaka 2001. Wakazi walilalamika kwa miaka mingi kwamba watoto wao wanahama kwa kukosa pa kuishi. Kisha tarehe 8 Agosti 2023 moto uliuteketeza mji wa Lahaina. Watu zaidi ya 100 walifariki, majengo zaidi ya 2,000 yaliharibiwa, na familia zilizopoteza makazi zikawa zinatafuta nyumba katika kisiwa ambacho tayari kilikuwa na upungufu.

Mei 2024 Gavana Josh Green alitia saini sheria iliyozipa kaunti za Hawaii uwezo ulio wazi wa kudhibiti na hata kuondoa upangishaji wa muda mfupi katika maeneo ya makazi. Mwezi huohuo Meya wa Maui, Richard Bissen, alipendekeza kwamba takriban fleti 7,000 zirudishwe kwa wakazi, kwa awamu, ili wenye mali wapate miaka kadhaa ya kujiandaa.

Wachumi wa Chuo Kikuu cha Hawaii walikadiria mwaka 2025 kwamba hatua hiyo ingeongeza nyumba za wakazi kwa takriban asilimia 13, na kwamba bei ya kununua fleti ingeshuka kwa asilimia 20 hadi 40. Mpangaji atafurahi kusikia hivyo. Lakini wachumi haohao walionya kwamba ajira zipatazo 1,900 zingepotea, pamoja na sehemu ya mapato ya kodi ya majengo yanayoiendesha kaunti. Aliyekuwa akifua mashuka ya fleti hizo ni mpangaji pia. Kodi yake ikipungua wakati ajira imekwisha, nafuu yake ni ndogo.

Tena, si kila fleti ya mgeni hugeuka nyumba ya familia kwa sababu tu kanuni imebadilika. Nyingine ni chumba kimoja chenye jiko dogo. Nyingine zina ada kubwa za matunzo ya pamoja za kila mwezi ambazo mwalimu au zimamoto hawezi kuzilipa. Nyingine zitashikiliwa na matajiri kama nyumba za likizo, zikiwa tupu karibu mwaka mzima. Ndiyo maana ni kosa kudhani kwamba kila nyumba inayozuiwa kupokea wageni ni nyumba moja zaidi kwa mpangaji.

Bei ina vitu viwili ndani yake

Mfano wa Maui unatufundisha jambo ambalo mnunuzi wa nyumba au kiwanja asilisahau. Bei unayotajiwa ina vitu viwili: thamani ya jengo na ardhi, na thamani ya ruhusa ya kuvitumia kwa namna fulani. Nyumba inayoruhusiwa kupokea wageni huuzwa ghali kuliko pacha wake asiyeruhusiwa, ingawa matofali ni yaleyale. Ruhusa ikiondolewa, sehemu hiyo ya bei huyeyuka. Aliyenunua kwa mkopo hubaki na deni la bei ya zamani na mali ya bei mpya. Benki haipunguzi rejesho kwa sababu kanuni imebadilika.

Kinyume chake pia ni kweli. Mamlaka inapofunga mlango kwa wapya lakini ikawaachia waliokuwamo waendelee, wachache hao hupanda thamani, na nyumba zao huanza kugombewa. Na eneo moja likizuiwa huku la jirani likiachwa wazi, biashara huhamia kwa jirani, na kodi ya huko hupanda kabla wakazi wake hawajajua kulitokea nini. Bei hata huyumba kabla kanuni haijaanza kutumika, kwa tetesi tu. Dalali anayekwambia "nunua sasa, eneo hili linageuzwa la biashara" anakuuzia tetesi kwa bei ya ruhusa. Muulize ruhusa hiyo imeandikwa wapi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, yakiwamo maelezo ya uongo kuhusu ardhi na matumizi yake. Lakini kulishinda shauri baada ya fedha kwenda ni safari ndefu kuliko kuuliza kabla ya kulipa.

Hapa kwetu

Jijini Dodoma tumeuona mfano wa karibu. Tangu mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo, mahitaji ya nyumba yaliongezeka kwa kasi, na kila Mkutano wa Bunge unapokaribia, hasa ule wa bajeti unaoanza Aprili, vyumba vya kulala wageni huwa adimu. Nyumba nyingi zilizokuwa za familia zimekuwa malazi. Mtu anayepanga katika mitaa ya jirani na shughuli hizo anashindana, bila kujua, na mgeni wa wiki mbili.

Kibaigwa, kama mamlaka ya mji mdogo ndani ya Wilaya ya Kongwa, nayo ina mwelekeo wake kuelekea barabara kuu na soko. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka uendelezaji katika eneo la mipango upate kibali cha mamlaka ya upangaji, na kubadili matumizi ya kiwanja, mathalani kutoka makazi kwenda nyumba ya kulala wageni, ni jambo la kuombewa kibali. Maombi ya namna hiyo hutangazwa ili majirani na wengine wenye maslahi watoe pingamizi ndani ya muda uliowekwa. Wengi hupita mbele ya tangazo hilo wakidhani ni mambo ya mwenye kiwanja peke yake. Mpangaji ana maslahi ya wazi pale, na anastahili kusikilizwa.

Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita au mwaka, kama ilivyo desturi ya miji yetu, uliza kiwanja kimepangwa kwa matumizi gani. Jibu liko kwenye hati au barua ya toleo ya mwenye nyumba, na kwenye mchoro wa mipango miji unaotunzwa na idara ya ardhi ya halmashauri. Kama eneo halijapimwa, na maeneo ya namna hiyo ni mengi, mwenyekiti wa kitongoji na majirani watakuambia nyumba zinazozunguka zinaelekea wapi. Nyumba iliyo kati ya gesti mbili mpya ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya tatu.

Pili, andikeni mkataba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inautambua hata upangishaji wa maneno ukiwa ni wa mwaka mmoja au pungufu, lakini maneno hayana shahidi mwenye nyumba anapopata mteja wa bei ya juu. Mkataba utaje tarehe ya kuanza na kumaliza, kiasi cha kodi kwa shilingi, muda wa notisi, na kipengele kinachosema wazi kwamba mwenye nyumba akitaka kubadili matumizi kabla ya muda kwisha, atarudisha kodi ya miezi isiyotumika. Kipengele hicho kimoja ndicho kinachosahaulika mara nyingi. Kuhusu shilingi, tangu Machi 2025 kanuni za Benki Kuu zinakataza kutangaza au kudai bei za ndani kwa fedha za kigeni, isipokuwa pale kanuni zenyewe zinaporuhusu. Anayekutajia kodi kwa dola mkumbushe.

Pasipo mkataba wenye muda maalumu, na kodi ikiwa inalipwa kila mwezi, upangishaji unahesabiwa kuwa wa mwezi hadi mwezi, na notisi ya kuuvunja isipungue mwezi mmoja. Kuambiwa Ijumaa uondoke Jumatatu si notisi. Hata hivyo tuwe wakweli kuhusu mpaka wa kinga hii. Sheria iliyokuwa ikidhibiti viwango vya kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Muda wa mkataba ukiisha, mwenye nyumba yuko huru kupandisha kodi au kuleta wageni, mradi matumizi hayo yanaruhusiwa. Ndiyo sababu urefu wa mkataba una thamani kubwa katika mji unaobadilika: mkataba wa mwaka unaovuka msimu wa mavuno ni bora kuliko wa miezi sita unaoishia Juni, hata kama kodi yake inazidi kidogo.

Jambo dogo linaloleta ugomvi mkubwa ni kodi ya majengo inayokatwa kupitia LUKU. Tangu Julai 2023 ni Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Deni hilo ni la mwenye nyumba, ingawa anayenunua umeme ndiye anayelitanguliza. Kubalianeni mapema namna litakavyofidiwa kwenye kodi, na tunza risiti za ununuzi.

Ukiondolewa kinyume cha makubaliano, anza na Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa litakupa cheti cha kukuwezesha kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linalohudumia eneo lako, na siku 30 zikipita tangu shauri lifunguliwe bila usuluhishi, unaweza kwenda huko hata bila cheti. Nenda na mkataba, stakabadhi za kodi na notisi uliyopewa, na kama notisi ilikuja kwa ujumbe wa simu, usiufute. Nakili namba iliyoutuma na tarehe, kisha umwonyeshe mjumbe au mwenyekiti wa kitongoji siku hiyohiyo ili awepo mtu mwingine aliyeusoma.